Mshindi wa Pili

Vijana wenzangu mnaoficha madaftari chini ya godoro, leo tumzungumze mtu wa raketi. Anaitwa Lee Chong Wei, Mmalaysia aliyezaliwa mwaka 1982. Mchezo wake ni badminton, ule wa kupiga kinyoya juu ya wavu, na aliucheza mmoja kwa mmoja. Hapo hakuna wa kumsingizia: kinyoya kikianguka upande wako, ni chako.

Lee alikaa namba moja duniani kwa jumla ya wiki 349. All England, mashindano makongwe ya mchezo huo, aliyatwaa mara nne. Lakini Olimpiki! Beijing 2008 alifika fainali, Mchina Lin Dan akamchapa 21-12, 21-8. Kipigo cha mbwa mwizi, bwana. London 2012 wakakutana tena fainali. Miezi michache kabla, Lee alikuwa ameumia kifundo cha mguu. Akachukua seti ya kwanza, akapoteza ya pili, ya tatu ikaisha 21-19. Pointi mbili tu! Rio 2016 hatimaye akamtoa Lin Dan kwenye nusu fainali. Ungedhani mambo yameiva. Fainali akafungwa na Mchina mwingine, Chen Long. Medali tatu za fedha, dhahabu hakuna. Ubingwa wa dunia nao hakuwahi kuupata.

Doa pia lilimpata. Mwaka 2014 alikutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miezi minane, ingawa jopo lilikubali kwamba hakukusudia kudanganya. Akarudi uwanjani. Mwaka 2018 akagundulika ana saratani ya pua. Akatibiwa, na Juni 2019, akiwa na miaka 36, akatangaza kustaafu.

Sasa nieleze kwa nini mtu huyu haniondoki kichwani. Mimi niliishia kidato cha nne. Riwaya yangu imejaza kaunta buku tatu. Mchapishaji mmoja ameirudisha mara mbili. Mara ya pili aliandika kwamba "nimekaribia". Baba aliposoma barua ile akaniuliza, huko kukaribia kunanunua unga kilo ngapi? Swali la haki kabisa, na jibu sina.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Lee alivumilia, ile mbivu aliyoitaka hakuila. Je, methali ilimdanganya? Nimelifikiria sana jambo hili. Fainali tatu za Olimpiki ukizijumlisha ni saa chache tu. Miaka yote iliyobaki alikuwa anaamka, anafunga kamba za viatu, anapiga kinyoya. Maisha yake yalikuwa humo. Kama hakuupenda mchezo siku zile ambazo hakuna aliyemtazama, basi hata dhahabu isingemtosha.

Mimi mchana nauza vocha, unga upatikane, baba atulie. Usiku ni wangu. Kaunta buku ya nne nimeshainunua, na sura ya kwanza naiandika upya. Wewe mwenzangu, ya kwako imefika wapi?