Baraka ya Mikono: Safari ya Iringa na Mbeya



Mtu wa pwani akitajiwa Nyanda za Juu za Kusini, jambo la kwanza aambiwalo ni baridi. Na ni kweli, kwani Iringa na Mbeya zote mbili zimekaa juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai aendaye msikitini alfajiri hatoki ila amejifunika vizuri. Lakini nchi hizo zina jambo jingine lisilosemwa sana, nalo ni ustadi wa mikono. Twapenda kuueleza ustadi huo, kwa kuwa ndani yake mna riziki, mna furaha, na mna urafiki. Na hayo matatu kila nyumba huyahitaji.

Mji wa Iringa umejengwa juu ya mwinuko, na Mto Ruaha Mdogo wapita chini yake. Jina lake latokana na neno la Kihehe *lilinga*, maana yake ngome. Msafiri aingiapo sokoni hukuta vikapu vya milulu vimepangwa kwa ukubwa wake. Milulu ni majani marefu yaotayo penye majimaji. Wanawake huyakata mabondeni, huyaanika juani hata yakauke, kisha huyasuka kuanzia kitakoni mpaka ukingoni, yakabanana sana. Kazi hii haina mashine. Yataka vidole, macho na subira. Na mara nyingi haifanywi na mtu peke yake. Baada ya shughuli za shamba wanawake hukaa pamoja, huyu akisuka, yule akimwonyesha binti yake namna ya kufunga ukingo, na habari za ujirani zikipita katikati yao. Mwenye huzuni husikilizwa, na mwenye furaha hupata wa kufurahi naye.

Zamani vikapu hivyo vilikuwa vya unga na nafaka. Mifuko ya plastiki ilipoenea, watu wengi walikwenda sokoni mikono mitupu wakijua watapewa mfuko huko huko. Lakini tarehe 1 Juni 2019 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na nyumba nyingi zikakumbuka kikapu. Hata hivyo, bado wako wasioijua thamani yake. Tulimsikia kijana mmoja akisema, "Shikamoo mama, nipunguzie basi, haya si majani tu?" Mama akamjibu kwa upole, "Marahaba mwanangu. Majani yako tele bondeni, nenda kachukue. Mimi nauza siku zangu." Kijana akacheka kwa haya, akatoa bei kamili.

Katika mji huo huo wa Iringa, mwaka 2003, msanii wa Kiingereza, Bi. Susie Hart, alianzisha kituo kiitwacho Neema Crafts, chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana. Alianza na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi kwa mavi ya tembo. Msomaji asistaajabu. Tembo hula nyasi na magome, na tumbo lake haliyasagi yote. Nyuzi zinazobaki huoshwa, huchemshwa sana, hupondwa, kisha hutandazwa na kukaushwa zikawa karatasi safi. Kutoka vijana watatu, kazi ilikua hata ikawapa ajira watu zaidi ya 100 wenye ulemavu: wengine wakifuma nguo kwenye vitanda vya mfumi, wengine wakipiga chapa vitambaa, wengine wakiunganisha shanga na vipande vya vitenge. Mkahawa wa kituo hicho ukajulikana kwa wahudumu wake viziwi. Mteja huandika atakacho katika karatasi, au hujifunza ishara mbili tatu. Na mtu aliyekuja kunywa chai huondoka amepata rafiki ambaye jana asingejua namna ya kumsalimu.

Kituo hicho ni cha jirani zetu Wakristo, na jambo jema husifiwa kwa wema wake. Lakini sisi nasi tujiulize: je, katika nyumba zetu hakuna mtoto afichwaye chumba cha nyuma wageni wanapokuja? Hali Suratu Abasa iliteremshwa kwa ajili ya kipofu, Abdullahi bin Ummi Maktum r.a., ambaye baadaye Mtume s.a.w. alimfanya muadhini wake pamoja na Bilal, na akamwachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Basi sisi twamfichia nini mtoto wetu?

Kutoka Iringa barabara kuu hupita Mafinga na Makambako, huteremka katika uwanda wa Usangu, kisha hupanda tena mpaka Mbeya, chini ya mlima Loleza. Kwa kuwa Tunduma, mpakani mwa Zambia, si mbali, vitenge vya Zambia na Kongo hupatikana kwa wingi katika soko la Mwanjelwa. Mafundi cherehani hukata nguo, na vipande hubaki. Mtu mvivu huviona takataka. Mama mwenye akili huviunga akapata foronya, au shuka la kumfunikia mtoto mchanga, lenye rangi ishirini, wala halina mfano wake dukani.

Kusini zaidi, kando ya Ziwa Nyasa, katika kijiji cha Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono yao. Milima ya Livingstone imekaribia sana maji hata mashamba ni haba, basi udongo umekuwa shamba lao. Vyungu hupakiwa katika mitumbwi kwenda mnada wa Matema siku ya Jumamosi, na kutoka hapo hufika Kyela, Tukuyu na Mbeya.

Dini yetu haikuidharau kazi ya namna hii. Nabii Daud a.s., pamoja na ufalme wake, alifundishwa na Mola wake kutengeneza deraya za chuma, na alikula kwa jasho la mkono wake. Naye Bibi Zainab binti Jahshi r.a., mke wa Mtume s.a.w., alikuwa akitengeneza ngozi na kushona, na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakapimana mikono. Alipofariki Zainab kwanza, ndipo walipofahamu kuwa urefu ule ulikuwa wa ukarimu.

Kwa hiyo, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kazi moja ya mkono, wake kwa waume. Na mwenye ulemavu asiachwe nyuma. Nanyi vijana, mnaposhinda nyumbani siku za likizo, mwiteni jirani mkae pamoja, mfume kofia au mshone viraka. Na mnunuapo kikapu, mlipeni mwenyewe haki yake.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yetu na atuzidishie mapenzi baina yetu. Amin.