Dawa za Kaka na Maombi Yetu

Kaka yangu aliugua akiwa kidato cha tano, katikati ya miaka ya 1990. Alirudishwa nyumbani Korogwe akiwa hasemi na mtu. Usiku halali, mchana anajibizana na watu ambao sisi hatukuwaona. Sisi ni Walutheri tangu enzi za babu. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mama aliimba kwaya ya kina mama. Jambo la kwanza lililofanyika lilikuwa kuwaita watu wa maombi. Simlaumu yeyote kwa hilo, maana hata leo nyumba yetu ikipatwa na jambo, tunaanza kwa kuomba.

Ila maombi ya siku zile yalikuwa na sura moja tu. Uamsho ulikuwa umepamba moto mitaani kwetu, na mtu akichanganyikiwa ilihesabiwa kuwa ni pepo, na pepo dawa yake ni kukemewa. Wakafunga, wakakesha, wakamwekea kaka mikono kichwani na kumwuliza jina la huyo aliye ndani yake. Kaka akajibu jina lake la ubatizo. Wakauliza tena kwa sauti kubwa zaidi.

Na kanisa letu lilikuwa linaijua njia nyingine siku nyingi, tena karibu na kwetu. Juu kule kwenye milima ya Usambara, wilaya hiyohiyo ya Korogwe, ipo Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ambayo jina lake tumelifanya tusi nchi nzima, ilikuja baadaye, miaka ya 1920. Hospitali ya Lutindi ni ya kanisa hadi leo, chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Sisi tuliokulia bondeni tulilijua jina lake kwa kutishiana tu utotoni. Hili bado linaniuma, kwamba urithi wa huruma wa namna ile tuliuacha ukaota nyasi.

Baba mdogo ndiye aliyeshikilia kwamba kijana apelekwe hospitali. Akachomwa sindano ya haloperidoli, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alilala usiku kucha. Jioni iliyofuata alikuwa ameketi barazani anakula muhogo, mara shingo ikaanza kuvutwa upande wa kushoto. Ikapinda mpaka kidevu kikagusa bega. Macho yakapanda juu yakaganda huko, taya zikakaza, ulimi ukawa unatoka. Mama akapiga yowe. Watu wa maombi wakaja mbio, wakafunga milango, wakasema sasa limejidhihirisha. Walikemea mpaka majogoo wakawika. Baadaye sana kaka aliniambia, "Mdogo wangu, akili zangu zilikuwepo zote. Nilitaka kuwaambia shingo inauma, mdomo ukakataa kufunguka."

Asubuhi mama alimfunika kanga mabegani akamrudisha hospitali. Muuguzi alimtazama kidogo tu. "Pole, mama yangu," akasema. "Hii imeletwa na ile sindano. Inawapata sana vijana wa kiume, siku za mwanzomwanzo." Akamchoma dawa ya kulegeza misuli, na kabla hawajaondoka shingo ilikuwa imenyooka. Akapewa na vidonge vya Artane, awe anameza pamoja na dawa yake. Kazi nzima ilichukua muda mfupi kuliko sala ya kufungua mkesha.

Lakini neno lilikwisha kuenea usharikani kwamba dawa za hospitali zinachokoza mapepo. Kiongozi mmoja wa maombi alimwambia kaka achague moja, imani au vidonge. Kaka alikuwa na imani, akaviacha. Haukupita muda akatoweka nyumbani, na aliyemwona ni dereva wa lori, kwenye njia panda ya Segera, akiwa pekupeku, midomo imepasuka kwa kiu.

Mabadiliko yalianza na mchungaji aliyehamishiwa kwetu baada ya hapo. Alikuja nyumbani jioni, akakaa mkekani karibu na kaka, akamwuliza amekula nini na usiku analala saa ngapi. Hayo tu. Jumapili yake alihubiri habari za Eliya, 1 Wafalme 19. Nabii aliyekuwa ametoka kushusha moto wa Karmeli anakimbilia jangwani, anaketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu amtoe uhai. Mchungaji akatuonyesha jambo ambalo sote tulikuwa tumelisoma tukalipita: Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye kabisa. Kisha akatangaza kwamba katika usharika wake mgonjwa wa akili hatafungishwa wala kukeshezwa, kwa kuwa njaa na kukosa usingizi vinamzidishia ugonjwa. Baadhi ya watu walinung'unika, na wachache wakahama.

Yeye ndiye aliyempandisha kaka Lutindi. Kule alikuta dawa, sala na jembe vikienda pamoja, na hakuna aliyemwambia achague. Aliporudi alikuwa amenenepa, tena anacheka.

Hajapona. Nalisema wazi kwa sababu shuhuda zetu kanisani hupenda kuishia mahali pazuri. Bado anakunywa dawa kila usiku, na msiba au deni likimwelemea, sauti zinarudi. Siku hizo hawezi kuomba. Mama alipokuwa hai aliomba kwa niaba yake, sasa naomba mimi. Zaburi anayoipenda ni ya 88, kwa sababu, anasema, inaishia gizani na bado imo kwenye Biblia. Nilipomsimulia habari za William Cowper, mshairi wa Uingereza ambaye tenzi zake zilichapwa mwaka 1779 pamoja na za John Newton na zingali zikiimbwa makanisani, kwamba naye aliugua akili mara kwa mara hadi kutaka kujiua, kaka alinyamaza kwanza. Kisha akauliza, "Na hawakumtoa kwaya?"

Yeye mwenyewe anaimba besi. Siku hizi katika maombi ya kanisa wanatajwa wenye presha, wenye sukari, na wanaotumia dawa za akili. Mara ya kwanza kaka aliposimama kutoa hitaji, hakuomba apone. Aliomba zahanati isiishiwe dawa.

Wachungaji, wainjilisti, nanyi mnaoongoza maombi, nawaombeni. Kijana aliyeanza dawa hizi akipinda shingo au macho yakimganda juu, msifunge milango. Mrudisheni hospitali saa hiyohiyo, mkiomba njiani. Na mtu yeyote asimwambie aache dawa.