Samaki Hauawi na Njia

Umewahi kubeba uhai mikononi kwa zaidi ya kilomita 800, ukaufikisha salama, kisha ukauona umezimika kulipokucha? Mimi yalinikuta Kitale.

Wakati huo tulikuwa tukiishi Mombasa. Kifungua mimba wangu, mvulana wa miaka tisa, alikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa baharini, wale wadogo wa rangi ya machungwa na mistari meupe ambao watoto wengi waliwajua kutokana na filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Nilipokwenda kumwona kaka yangu Kitale wakati wa likizo, mwanangu alinipa wawili niwapelekee binamu zake.

Niliwalisha wakashiba kwa ajili ya safari, nikawatia katika mfuko mmoja, nikapanda basi. Tulipofika Nakuru niliufungua mfuko ili wapate hewa. Huko Kitale kaka alikuwa amejaza beseni maji ya mfereji na kuyakoroga kwa chumvi ya jikoni. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni wakingoja kuona maajabu ya pwani. Tukawamwaga samaki humo, watu wakapiga makofi. Asubuhi walikuwa wakielea ubavu juu.

Niliporudi Mombasa mwanangu hakulia. Aliuliza tu, "Mama, uliwafanya nini?" Swali hilo lilinikwama kooni.

Basi mwaka uliofuata mume wangu alipopata uhamisho wa kikazi kwenda Bungoma, kijana alisema neno moja tu: bila samaki wake watatu, yeye haendi. Alikuwa akiacha shule, marafiki na bahari. Sikuwa na uso wa kumwambia awaache na hao.

Nilifunga safari hadi Shimoni, Kwale, kwa mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alikuwa akizamia samaki wa mapambo. Samaki wa pwani yetu husafirishwa kwa ndege wakiwa hai hadi ng'ambo, hivyo nilijua lazima kuna mbinu. Nikamwamkia, nikamsimulia yaliyonipata.

"Mwanangu," akasema, "samaki hauawi na njia. Huuawa na wanaomuaga na wanaomlaki."

Akanieleza kosa langu la kwanza, nalo ni shibe. Samaki aliyekula huchafua maji, na uchafu huo pamoja na ule unaotoka kwenye matamvua yake huwa amonia, sumu inayounguza. Kwa hivyo asilishwe kwa siku mbili kabla ya safari. Kila mmoja awe na mfuko wake mzito, umevishwa ndani ya mwingine, theluthi moja maji ya tangi lake na theluthi mbili oksijeni. Kisha mifuko iwekwe katika kasha jeupe jepesi la kuhifadhia baridi, na kifuniko kifungwe. Gizani samaki hutulia, na aliyetulia hupumua kidogo.

"Lakini usiujaze mfuko ukakaza kama ngoma," alionya. "Nyinyi mwapanda mlima." Waama, kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa ni zaidi ya mita 2,700 kwenda juu, na huko hewa iliyofungiwa hutanuka kwa zaidi ya theluthi moja.

La ajabu zaidi lilikuwa kuhusu kule kufungua mfuko. Samaki apumuapo, hewa chafu anayoitoa huyafanya maji kuwa na ukali wa asidi kidogo, na ukali huo huipunguza makali amonia. Ukifungua, hewa ile hutoroka, na papo hapo amonia hupata nguvu mpya. Kumbe pale Nakuru, kwa huruma yangu, niliwafungulia sumu!

Mume wangu alitangulia na lori la mizigo. Alibeba mitungi kumi ya maji ya bahari, pamoja na mawe ya tangi yakiwa yamezama ndani ya maji, kwani juu yake huishi vijidudu vinavyoila amonia. Chumvi ya jikoni haitoshi, kwa maana bahari ina madini mengine mengi. Anayekosa maji ya bahari hununua chumvi maalumu ya matangi na kuchanganya takriban gramu 35 kwa lita ya maji yasiyo na klorini.

Sisi tulifuata kwa basi, kasha likiwa mapajani mwa kijana. Baridi ya Timboroa ilipotuvamia, nilitia ndani chupa ya maji ya uvuguvugu niliyoizungushia gazeti.

"Mama, niwachungulie kidogo tu?"

"La, baba. Waache walale."

Bungoma tuliielesha mifuko tangini kwa nusu saa bila kuifungua, ili joto la maji lilingane. Kisha tukafungua mmoja mmoja, tukamtoa samaki upesi kwa wavu mdogo na kumtia katika maji mapya, yale ya safari tukayamwaga nje. Taa hatukuwasha. Jirani aliyekuja kutazama tulimwomba arudi baada ya siku tatu.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumatatu, na sare ya shule mpya ilikuwa tayari imepigwa pasi. Nikamkuta mwanangu ameketi kimya gizani mbele ya tangi. Nilikumbuka lile beseni la Kitale, majirani na makofi. Nikairudisha sare kabatini hadi Alhamisi.

Mmoja kati ya wale watatu alikufa wiki ya pili, na kijana akamzika mwenyewe chini ya mpera. Wawili wangali hai. Jumamosi iliyopita alileta wenzake wanne wa darasani ambao hawajawahi kuiona bahari. Nikiwa jikoni nilimsikia mmoja akiuliza kama anaweza kugonga kioo.

"Usigonge," mwanangu akamjibu. "Hao bado ni wageni. Wape muda wazoee."