Kazi Ilikuja, Tukaipima Kwanza

Tunaishi hapa Nyarugusu. Sisi ni mume na mke, na tumeona tuwaeleze jambo lililotupata mwaka 2023, labda litasaidia nyumba nyingine.

Hali wote tunaijua. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996, na mpaka leo kutoka nje kunahitaji kibali. Kazi za mashirika ni chache, na ile motisha haifiki mwisho wa mwezi. Mwaka ule tena chakula cha mgao kilipunguzwa hadi nusu ya kiwango, kwa kuwa fedha za wafadhili zilipungua. Nyumbani tuko watu saba. Mtoto wetu mkubwa alikuwa anamaliza sekondari, na ada ya mtihani wa taifa wa Kongo ilikuwa inamsubiri.

Ndipo mfanyabiashara mmoja akamwita baba wa nyumba hii, aliyekuwa mwalimu. Alitaka mtu wa hesabu amshikie daftari la madeni, kwa malipo mara mbili ya motisha ya mwalimu. Kazi yenyewe ni hivi: mtu anakopa sabuni, dawa au bakuli la unga, anaacha kadi yake ya chakula kama rehani. Siku ya mgao mwenye daftari anamngoja nje ya kituo na kuchukua deni. Bakuli moja linarudi mawili.

Usiku tuliongea sana. Mama alisema, "Baba watoto, dhamiri haipikwi." Kweli kabisa. Tena watu wenyewe ndio wanamfuata yule bwana, maana mtoto akiugua usiku, nani mwingine atakukopesha? Na tukikataa, mwingine atashika daftari, madeni yatabaki yale yale. Hoja hizo hatukuweza kuzivunja kirahisi.

Mkristo anajua Torati inakataza kushika jiwe la kusagia kuwa rehani, na Mwislamu anajua riba ni haramu. Lakini kilichotugusa zaidi ni swali moja: mshahara huu unatoka kwenye sufuria ya nani? Tukahesabu nyumba za mtaa wetu ambazo kadi zao ziko dukani. Moja ni ya bibi anayelea wajukuu watatu, yule yule aliyetupa chumvi siku tulipofika. Watoto wetu wangekula unga wa wajukuu wake.

Hata hivyo hatukukimbilia kukataa. Baba alirudi akaomba masharti mawili: kadi zibaki kwa wenyewe, na bakuli moja lirudi moja na robo. Yule bwana akacheka, "Mwalimu, hiyo si biashara." Basi, tukamwambia asante.

Bei yake tuliilipa. Mama aliwaomba wenzake wa likelemba wampe zamu ya kwanza, ada ikapatikana. Lakini mdogo alienda shule bila viatu miezi mingi, na kuna wiki tulikula mara moja kwa siku. Watoto walipouliza, tuliwaonyesha hesabu yenyewe, bakuli kwa bakuli. Kazi ile aliichukua jirani yetu. Hatumsemi vibaya, ana mgonjwa nyumbani na mzigo wake hatuubebi sisi.

Ndugu wazazi, kazi ngumu au ya kudharauliwa si kazi mbaya. Kuchimba choo, kubeba mizigo, kufua nguo za watu, hakuna aibu. Ila ikija kazi yenye mashaka, kaeni wawili kabla njaa haijawajibia. Ulizeni: nani anaumia ili sisi tulipwe? Inaweza kurekebishwa? Tukikataa, nani hapa nyumbani atalala njaa, na tumeongea naye?

Na ninyi wenye likelemba, mkiweza, tengeni zamu moja ya dharura. Mwenye mgonjwa apate pa kukimbilia, kadi yake ibaki nyumbani.