Kinywaji cha Leo na Kinywaji cha Kesho: Safari Kutoka Nyanga Hadi Dodoma

Msomaji mpenzi, ukija kwetu Nyanga usije na haraka. Nyanga ni kata mojawapo ya Manispaa ya Bukoba, na kama ilivyo desturi ya nchi ya Buhaya, nyumba zimefichwa na migomba. Utasikia sauti ya mwenye nyumba kabla hujaona bati lake. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna maharage. Tena pengine, pembeni mwa shamba, utaona mtumbwi uliochongwa kwa gogo moja. Usishangae kuona mtumbwi mbali na ziwa. Huo si wa kuvulia samaki, ni wa kukamulia ndizi.

Leo nataka nikutembeze mahali pawili: kwanza hapa kwetu penye mtumbwi, halafu Dodoma penye mizabibu. Safari hiyo ilitokana na kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza bila kuficha, maana huenda likamfaa mwingine.

Tuanze na rubisi. Jirani yangu mmoja, mzee wa miaka mingi, ni fundi wa kuitengeneza. Ndizi za pombe si zile za kupika. Zikikomaa hukatwa, hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya migomba, zikae humo siku kadhaa hata ziive zote kwa pamoja. Kisha humenywa na kutiwa mtumbwini pamoja na nyasi, na wanaume huzikanyaga kwa miguu iliyooshwa vizuri mpaka maji matamu yajitenge na makapi. Maji hayo hata mtoto hupewa. Yakichujwa, hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, mtumbwi hufunikwa kwa majani, na kesho yake rubisi i tayari.

Siku hiyo ya kwanza ionje: ni tamu, ina povu, inanukia ndizi mbivu na moshi kidogo wa mtama. Siku ya pili utamu umepungua na nguvu imeongezeka. Siku ya tatu ulimi waanza kujikunja. Siku ya nne, mwenye adabu hamkaribishi mgeni rubisi hiyo.

Nilipokuwa kijana nilimwuliza mzee kwa nini asitengeneze nyingi akaiweka akiba. Akacheka, akaniambia, "Mwanangu, rubisi haina kesho. Ndiyo sababu tunaita majirani." Nami niliyekuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi, nikaona hilo ni jibu la mtu asiyesoma. Ilinipasa kungoja miaka kumi nielewe.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mimi ni karani wa parokia. Pamoja na vitabu vya ubatizo na hesabu za sadaka, kazi yangu mojawapo ni kununua na kutunza divai ya Misa. Nilinunua chupa nyingi kwa pamoja, nikijisifu kwamba nimepunguza gharama. Nikazipanga zikiwa zimesimama juu ya kabati la sakristia, karibu kabisa na bati, mahali ambapo mchana huchomwa na jua. Tena chupa iliyofunguliwa, ikibaki nusu, niliirudishia kizibo na kuiacha hapohapo majuma mawili au matatu, wakati Baba Paroko alipokuwa vigangoni.

Jumapili moja Baba Paroko alinusa divai kabla ya Misa, akaninyoshea chupa bila kusema neno. Ilikuwa siki. Tukafungua ya pili: rangi imekuwa ya kahawia, ladha imekufa. Ya tatu vilevile. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 924, yasema divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, tena isiwe imeharibika. Basi hapakuwa na la kufanya. Kijana mmoja akatumwa kwa pikipiki kwenda parokia jirani kuomba chupa moja, na watu wakangoja zaidi ya saa nzima. Kati yao alikuwamo bibi mmoja mjane aliyetoka kwake alfajiri kwa miguu, kwa ajili ya Misa ya kumwombea marehemu mumewe. Alisubiri, akachoka, mvua ikatanda, akarudi nyumbani kabla pikipiki haijafika. Hakunilaumu. Lakini nilipomwona akishika njia na fimbo yake, niliona aibu ambayo sijaisahau.

Baadaye nilipata ruhusa ya kwenda Dodoma kwa shughuli ya parokia, nikaazimia kujifunza divai hutunzwaje. Basi likatupitisha Kemondo, Muhutwe na Muleba, migomba kushoto na kulia. Tulipoiacha Biharamulo migomba ilianza kwisha. Na baada ya Kahama, Nzega na Singida nchi ikawa wazi, kavu, yenye mibuyu na vumbi jekundu. Nilimwuliza abiria mwenzangu, "Ndugu yangu, zabibu zitaota hapa?" Akanijibu, "Hapa ndipo zinapopenda."

Na kweli ndivyo. Ziwa letu la Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari, na mji wa Dodoma uko mita 1,100 na kidogo. Yaani kwa kimo sisi na Wagogo tu karibu sawa. Tofauti ni mvua. Bukoba hupata kwa wastani kama milimita 2,000 kwa mwaka, na Dodoma haifiki 600. Mgomba wataka maji kila mwezi. Mzabibu ukinyeshewa mno, majani hushikwa na ukungu na matunda huoza. Kila mmea na nchi yake.

Mwaka 1957 wamisionari Waitalia walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, ili wapate divai ya Misa. Kutoka hapo kilimo kikaenea kwa wananchi, na leo kuna kituo cha utafiti wa zabibu huko Makutupora. Utakuta zabibu nyekundu iitwayo Makutupora, na nyeupe iitwayo Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Kwa kuwa Dodoma haina majira ya theluji ya kuilaza mizabibu, mkulima huipogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, hali Ulaya huvuna mara moja tu.

Nilikaribishwa katika nyumba moja ya mapadre. Siku zile walikuwa wametoka kuadhimisha jubilei, na mgeni mmoja alikuwa amewaletea chupa mbili za divai nyeupe ya zabibu iitwayo Chardonnay. Zabibu hiyo asili yake ni Bourgogne, Ufaransa, ambako kiko kijiji chenye jina hilohilo. Lakini chupa hizi zilitoka shamba moja la milimani, katika milima ya Santa Cruz huko California, Marekani. Moja ilikuwa na miaka miwili. Nyingine ilikuwa na miaka kumi na miwili, na karibu miaka hiyo yote ilikuwa imelala katika chumba cha chini ya ardhi huko Ulaya.

Padre mwenyeji alinimiminia kidogo katika bilauri mbili, akaniambia, "Bwana karani, usinywe kama maji. Tazama kwanza, halafu nusa, ndipo uonje, ukae nayo mdomoni." Nikatii. Ile changa ilikuwa ya rangi ya majani makavu, nyepesi. Ilinukia tofaa na ndimu, na ukali wake ulifanya mate yanitoke. Ile kongwe ilikuwa ya dhahabu. Ilinukia asali, na karanga zilizokaangwa, na mbao nzuri. Ukali ulikuwamo bado, lakini umetulia, kama mtu aliyekuwa mwenye hasira ujanani na sasa ni mzee wa baraza. Nilipomeza, ladha ilibaki kitambo kirefu.

Nikauliza, "Baba, kwa nini hii isiwe siki kama yangu?"

Akanieleza kwamba divai ina walinzi watatu. Wa kwanza ni kileo: chachu hula sukari ya zabibu na kuigeuza kileo na gesi, na divai ya namna ile huwa na kileo kama sehemu 13 katika 100. Wa pili ni ukali wa tunda lenyewe. Milimani usiku ni baridi, kwa hiyo zabibu huiva polepole na haupotezi ukali wake wote. Tena udongo ni mwembamba, mzabibu huzaa matunda machache, madogo, yenye nguvu. Wa tatu ni kizibo, kinachoizuia hewa. Hewa ikiingia, vijidudu vya siki hufanya karamu. Rubisi yetu hukaa mtumbwini wazi, kileo chake ni kidogo, na chachu yake haijamaliza kazi. Haina walinzi wa kutosha, nayo hufa mapema.

Akanionya jambo ambalo wengi hawalijui: si kila divai hupendeza ikizeeka. Iliyo nyingi hutengenezwa ili inywewe katika miaka michache ya kwanza. Chardonnay ya kuwekwa miaka kumi ni ile iliyotunzwa tangu shambani, ikachachuliwa kwa uangalifu, mara nyingi katika mapipa ya mti wa mwaloni, kisha ikalazwa gizani penye ubaridi wa nyuzi kama 10 hadi 13. Ukiiweka divai dhaifu miaka kumi hupati divai kongwe. Wapata siki kongwe.

Tena akanisimulia kwamba katika vilima hivyohivyo vya Santa Cruz, mahali paitwapo Los Gatos, Wajesuiti walianza kutengeneza divai ya Misa mwaka 1888, wakaendelea kwa karibu miaka 100. Hata Marekani ilipopiga marufuku vileo, tangu 1920 hadi 1933, divai ya ibada iliruhusiwa. Nikafikiri: huko nako walikuwako makarani wa kuhesabu chupa, kama mimi.

Niliporudi Nyanga nilibadili utaratibu, nao ni huu, kwa faida ya kila mwenye kutunza chupa, iwe ya Kanisa au ya harusi ya mwanawe. Chagua chumba chenye ukuta mnene kisichopigwa na jua la alasiri, ukaiweke divai chini sakafuni, si juu karibu na bati. Chupa yenye kizibo cha gome la mti ilazwe, ili kizibo kisikauke kikapitisha hewa; ya kifuniko cha kusokota yaweza kusimama. Ifunike isipigwe na mwanga. Andika tarehe juu ya kila chupa, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Nunua ya kutosha miezi michache tu, maana kwetu joto la mchana hufika nyuzi 26, na nyumba zetu si vyumba vya chini ya ardhi vya Ulaya. Chupa ndogo ni bora kuliko kubwa, kusudi iliyofunguliwa iishe upesi. Na ikibaki, izibe sawasawa, iweke penye ubaridi, wala usiihesabie majuma, ihesabie siku.

Lakini, msomaji mpenzi, nisikudanganye kwamba nilirudi nikiidharau rubisi. Nilikwenda nikidhani kinywaji kinachokaa ni bora kuliko kisichokaa. Sasa naona kila kimoja kina kazi yake. Divai ya mlimani inamfundisha mtu kungoja. Rubisi inamfundisha kutoa leo, kwa kuwa kesho haitafaa kitu. Kosa langu lilikuwa kukifanyia cha leo kama cha kesho, na cha kesho kama cha leo: chupa iliyofunguliwa niliiweka kama akiba, na chupa nzima niliitupa juani kama kitu cha kupita.

Misa ya yule bibi ilisomwa Jumapili iliyofuata ile ya aibu. Nilikuwa nimekwenda mwenyewe kumwarifu na kumwomba radhi, na siku hiyo nilimpeleka kanisani na kumrudisha. Niliporudi kutoka Dodoma nilipita kumsalimu. Akanikaribisha kwa kibuyu cha rubisi iliyokamuliwa jana yake na wajukuu zake. Nikasema nitakunywa kidogo, na nyingine nitaipeleka nyumbani nikaiweke.

Akanitazama kwa mshangao. "Uiweke mpaka lini, baba? Kaa tunywe, wenzio wanakuja."