Simba Aliyeogopa Wageni

Mwaka jana tulipata mtoto wa mbwa wa majuma 8. Tulimwita Simba, lakini hodi ikipigwa alijificha chini ya meza.

Daktari wa mifugo alimchanja, akaagiza nimrudishe kila baada ya majuma 3 au 4 hadi atimize majuma 16. Alinionya asikanyage wanakopita mbwa wengine, asije akapata parvo, ugonjwa wa kuhara damu.

Kwa hofu nikamfungia ndani. Hapo nilikosea. Kazini nimeosha majeraha ya watoto walioumwa, nami najua mbwa mwoga huuma. Siku za kumzoesha watu hupita upesi, hata kabla chanjo hazijaisha.

Basi nikawa nambeba kikapuni hadi barazani, atazame baiskeli na wapita njia. Wanangu niliwaambia: "Kaeni chini, msimshike. Mwacheni aje mwenyewe." Siku ya tano alimlamba kitinda mimba wangu kidole.

Chanjo zote alipata, hata ya kichaa cha mbwa. Leo hodi ikipigwa, hutikisa mkia. Kweli, samaki mkunje angali mbichi.