Binti na Mama Yake Huko Gombe

Sisi tukaao kando ya ziwa la Tanganyika tumezoea kazi zigawanyike: wanaume huenda ziwani usiku wa giza na taa zao, wakavua dagaa, wanawake huwanunua alfajiri, wakawaanika na kuwauza. Fedha ya nyumba nyingi za Kibirizi hupita mikononi mwa wanawake hao, walakini ukiuliza habari za uvuvi, hutajwa wanaume tu.

Basi tulikumbuka habari ya Jane Goodall. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka Gombe, kaskazini ya Kigoma, mwenye umri wa miaka 26, apate kuwachunguza sokwe. Shahada hakuwa nayo. Wakuu wa serikali walikataa mwanamke kijana akae mwituni pasipo mwenzi. Ndipo mama yake, Vanne, akafuatana naye. Huyu mama ndiye atupendezaye zaidi. Aliwagawia wavuvi dawa na kuwauguza, nao wakawa rafiki za kambi. Binti zetu waombao kusomea kazi za mbali huulizwa vivyo hivyo: Utakwenda na nani? Swali si baya. Jibu la Vanne ndilo lililo adimu.

Novemba ya mwaka ule Jane alimwona sokwe akivua mchwa kwa ubua, tena akipukutisha majani ya kijiti ili kiwe chombo. Wataalamu walikuwa wakifundisha ya kwamba mwanadamu peke yake hufanya vyombo. Alipoingia Cambridge mwaka 1962, alikemewa kwa kuwapa sokwe majina badala ya hesabu. Majina hakuyafuta.